Stori ya bomu la kiwanjani, sasa sikilizeni yangu

Jamani najua voisi noti ya usiku ule nilipodhaniwa nina bomu imeshazunguka magrupu yote. Rafiki yangu mmoja (anajijua) anasimulia eti nilipiga magoti nikalia. Sikulia. Macho yalimulikwa yakatoa machozi, ni mambo mawili tofauti.

Nilikuwa nawinda kometi (donge la barafu na vumbi linalozunguka jua), ile hafifu niliyowasumbua nayo wiki nzima. Ung'avu wake 11 hivi na jicho la mtu hata kwenye giza totoro linakomea 6 (namba ikipanda ndo kitu kinazidi kufifia), kwa hiyo unapiga picha za sekunde 60 mfululizo, lundo zima, kisha kompyuta inazipandanisha kwa kuifuata kometi yenyewe maana inatembea, nyota zinabaki mistari. Ndo maana nilikaa gizani. Ndo maana tochi nyekundu kichwani, macho yakishazoea giza nusu saa hutaki mwanga mweupe uyavuruge. Na blanketi jeusi gubigubi ni ili mwanga wa skrini usivuje. Kila kitu kina sababu yake, sema ukijumlisha unapata kitu cheusi kinatambaa kiwanjani saa tisa usiku na jicho moja jekundu linawaka.

Sasa pale. Picha inaendelea, nahesabu kimoyomoyo, thelathini na tatu, thelathini na nne, nasikia nyasi chwa... chwa... Nikasema mbwa huyo. Thelathini na tisa. Mwanga mweupe paa usoni, wa pili, wa tatu, na badala ya kutaja jina langu kama mtu mwenye akili timamu, mdomo ukatoa: "ZIMENI TOCHI!"

Zikazimwa. Kimya.

Nikaongeza, sijui nani alinituma niongeze: "Na mtu asisogee, zimebaki sekunde ishirini!"

Hebu nyie mnaonifuata humu semeni ukweli, mngeelewa nini? Wale wenye tochi wakalala chini. Wote, na marungu yao. Mimi kuona watu wazima wanalala, nikajua wameona kitu nyuma yangu, nami nikalala. Tukabaki hivyo gizani, kifudifudi, kila mtu anamwogopa mwenzake, mtu anasali kwa sauti ya chini. Kamera ikafanya KLAK. Lile yowe! Nikaitambua sauti, mwenye nyumba wangu.

"Shikamoo baba," nikasema, mdomo umejaa nyasi.

"Marahaba," akaitikia, mazoea tu, halafu ndo matusi yakaanza.

Mengine mnayajua. Nikajieleza, wakataka niwaonyeshe hiyo kometi, nikanyoosha kidole juu, hakuna kitu, nikawaonyesha skrini, kidoa cha kijivu, mmoja akakifuta kwa shati akidhani uchafu, wakaenda kulala.

Picha imetoka lakini, fremu ya tochi nikaitupa, kichwa cha kometi kijani kabisa, ile gesi ya kaboni ikipigwa na jua. Nimemtumia mwenye nyumba. Kajibu kwa emoji ya bomu.