Madagascar ya pili: baba wa kweli kwenye nchi isiyo na watu

Filamu ya katuni ya Madagascar: Escape 2 Africa ilitoka Novemba 2008, miaka mitatu baada ya ile ya kwanza, na watoto wetu bado wanaiangalia, wakipeana kwenye flashi kana kwamba imetoka juzi. Ni vichekesho vya familia kutoka studio ya DreamWorks, vilivyoongozwa na Eric Darnell na Tom McGrath. Nikizungumza na wazazi wenzangu juu yake nasikia kauli mbili. Moja: ni katuni, waacheni watoto wacheke. Nyingine: inaidhalilisha Afrika, isiingie nyumbani kwangu. Zote zina hoja, lakini sioni kama zina uzito sawa.

Kwa asiyeiona: simba Alex, punda milia Marty, twiga Melman na kiboko Gloria, waliokulia kwenye bustani ya wanyama New York, wanaondoka Madagaska kwa ndege mbovu iliyokarabatiwa na pengwini. Inaanguka bara, katika hifadhi ya savana ambayo nchi yake haitajwi. Hapo Alex anawakuta wazazi wake, Zuba na Florrie, aliotenganishwa nao utotoni baada ya kunaswa na majangili.

Zuba ndiye anayenifanya niitetee filamu hii. Mwanzoni kabisa anamfundisha mwanawe kupigana, na mtoto kila akipata upenyo anacheza. Baba anakereka. Kisha dume mwenzake, Makunga, anakuja kugombea uongozi, na wakati wakubwa wanapimana nguvu mtoto anatangatanga hadi nje ya hifadhi, anachukuliwa. Mzazi yeyote anajua uchungu wa mahali hapo, kwa sababu Zuba hakuwa mzembe. Alikuwa akilinda heshima yake, na kwa kitambo hicho kifupi macho yake hayakuwa kwa mwanawe.

Mwana anaporudi mtu mzima na kusema yeye ni mfalme wa New York, baba anasikia ubabe. Hajui ufalme wenyewe ni wa jukwaani, wa kuwachezea wageni wa bustani ya wanyama. Inafika siku ya jando la simba, Alex akidhani ni mashindano ya kucheza. Makunga anamshauri kwa hila amchague Teetsi, simba hodari wa kupigana, kuwa mpinzani wake, na kijana anaangushwa vibaya mbele ya ukoo mzima. Sheria inasema aliyeshindwa afukuzwe, na wa kumfukuza ni kiongozi, yaani baba yake.

Zuba anakataa, anavua uongozi. Lakini hasira hazimwishi. Ameaibika, na anamwonyesha mwanawe kwamba ameaibika. Nadhani hapa waandishi walifanya kazi kubwa kuliko inavyohitajika kwenye katuni ya kuchekesha: wamemwonyesha baba anayempenda mtoto kiasi cha kutoa cheo chake, na bado hawezi kumtazama usoni. Nimewaona akina baba wa namna hiyo. Mtoto anachora vizuri au anapiga gitaa, baba analipa ada bila kuchelewa mwezi hata mmoja, lakini wageni wakiuliza kijana anafanya nini, anabadilisha mazungumzo. Florrie, mama, tangu mwanzo hakuhitaji mtoto awe kitu kingine. Mwishoni Alex anajiokoa yeye na baba yake mbele ya watalii kwa kucheza, na Zuba anaingia kucheza naye. Sauti ya Zuba ni ya mchekeshaji Bernie Mac, aliyefariki Agosti 2008 kabla filamu haijaonyeshwa, na kuna upole ndani yake ambao watoto wanausikia hata kama Kiingereza hawakielewi chote.

Kuna na Gloria. Kiboko dume Moto Moto anamtaka, naye anamuuliza ni nini hasa anachokipenda kwake. Jibu zima ni ukubwa wa mwili wake. Gloria anaondoka. Binti zetu waione hiyo.

Upande wa pili sasa. Katika Afrika ya filamu hii, ukiwatoa majangili wa mwanzo, binadamu unaowaona ni watalii kutoka New York. Hakuna kijiji, hakuna mchungaji, hakuna hata askari wa wanyamapori. Wanaoitetea watasema ni hadithi ya wanyama, na hata kwenye ngano zetu za Sungura na Fisi watu huonekana mara chache. Ni kweli. Lakini Sungura wa ngano zetu analima, anakopa, anakwenda ukweni: yeye ndiye sisi. Tena filamu ya kwanza, ilipokuwa New York, ilijaza binadamu vituoni na barabarani. Kwa hiyo kukosekana kwa watu hakutokani na kisa kuwa cha wanyama. Palipokuwa Amerika waliwekwa, palipokuwa Afrika wakaachwa. Filamu iliingiza zaidi ya dola milioni 600 duniani, na kwa watoto wengi wa mbali hiyo ndiyo Afrika ya kwanza waliyoiona.

Mtoto wa kwetu angalau anaweza kusahihisha. Aliyepanda basi kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa amepita katikati ya Hifadhi ya Mikumi, akaona twiga dirishani, na mbele ya safari akaona vitunguu vya Ruaha Mbuyuni vikiuzwa kando ya barabara. Kwake mnyama na muuza vitunguu wako kwenye safari moja. Lakini hakuna anayemwambia kwamba anachokijua yeye ni sahihi kuliko anachokiona kwenye skrini, na mtoto huamini skrini upesi.

Suala la maji ndilo linalonisumbua zaidi, kwa sababu hapo filamu imekaribia ukweli kabisa, halafu ikaukwepa. Bwawa la kunywea linakauka. Alex anafuata mto na kukuta watalii waliokwama porini wameuziba. Mtoto anajifunza jambo la maana: maji yakizuiwa juu, wa chini ndiye anayeumia. Sisi tunao mto wa namna hiyo. Ruaha Mkuu, unaopita Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ulianza kukatika wakati wa kiangazi tangu 1993, viboko wakibaki wamesongamana kwenye madimbwi. Miongoni mwa sababu ni maji yanayochepushwa kumwagilia mpunga kwenye bonde la Usangu, pamoja na mifugo na kuharibika kwa ardhioevu ya Ihefu. Kwenye katuni ukuta unabomolewa, maji yanarudi, ngoma inapigwa. Usangu huwezi kubomoa kitu ukamaliza, kwa sababu waliochukua maji ni wakulima, na mchele wao tunaula. Filamu iliyowaondoa wenyeji haikuweza kulifikia swali hilo hata kama ingetaka.

Jingine siwezi kulipita. Melman anafanywa mganga wa twiga, baadaye anaamini anakufa, na Mfalme Julien, kiongozi wa lemuri, wanyama wa Madagaska wanaofanana na komba, anashauri mtu atupwe kwenye volkano kama kafara ili maji yarudi. Waliotunga waliona ni utani wa zamani wa sinema. Lakini mwaka huohuo wa 2008 Tanzania ilikuwa katika majonzi ya mauaji ya watu wenye ualbino, waliouawa kwa sababu ya ahadi za waganga. Kwenye sebule yenye kumbukumbu hiyo, kafara si jambo la kuchekea. Mimi husimamisha filamu hapo nikazungumza na watoto.

Bibi Nana, mmoja wa wale watalii, anayemtwanga simba kwa mkoba, ni jambo la kukanya tu: hatupigi wanyama, hatupigani. Watoto wadogo sana ningewasubirisha, kwa ajili ya bunduki na mtoto aliyeibwa.

Sikubaliani na wanaoipiga marufuku. Ukiitoa Madagascar unamtoa na Zuba, na baba kama yeye sijamwona kwenye katuni nyingi. Ila sikubali pia iachwe peke yake mezani. Kwangu inaonekana wiki moja na vipindi vya Ubongo Kids, vinavyotengenezwa Dar es Salaam tangu 2014, ambamo watoto wanaozungumza Kiswahili wanatatua mafumbo ya hesabu na sayansi, na wanyama wakiwa hapohapo kati yao. Na tukifika pale mto ulipozibwa, nawauliza wanangu ni akina nani wangekuwa wanaishi kando ya mto ule, na wangekuwa wanapanda nini.