Kompyuta haizeeki usiku mmoja

Kompyuta iliyofungua barua pepe papo hapo jana, na leo inazungusha kiduara dakika nzima, haijazeeka. Uzee wa kompyuta huja kidogo kidogo: programu zinaongezeka uzito mwaka hadi mwaka, diski inajaa, mfumo mpya unadai zaidi ya ule uliotangulia. Ikiwa nzito ghafla, ama kuna kazi imeanza kufanyika humo ndani ambayo jana haikuwapo, ama kuna kipuri kimeanza kufa au kinazuiwa kufanya kazi yake. Makundi ni hayo mawili, na kabla hujajua uko kundi lipi, usiguse kitu.

Wengi hawasubiri. Wanafuta picha, wanaondoa michezo, kisha wanaingia mtandaoni kutafuta programu ya kusafisha kompyuta. Programu hizo sizipendi na sitaki kuuma maneno. Nyingi zinapekua sajili ya Windows kwa muda mfupi, zinaibuka na maandishi mekundu kwamba zimekuta makosa mamia kwa mamia, halafu zinaomba pesa ili ziyarekebishe. Sajili ni ghala la mipangilio tu. Mabaki ya programu uliyoiondoa zamani yakikaa humo hayapunguzi kasi kwa kiasi ambacho mtu atakihisi. Microsoft wenyewe hawaungi mkono usafishaji wa aina hiyo, maana likifutwa ingizo lisilofaa kufutwa, Windows inaweza kugoma kuwaka kabisa. Mwisho wa yote umebaki na kompyuta nzito ileile, na juu yake programu moja zaidi inayojiwasha kila uingiapo.

Angalia kwanza. Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager itafunguka. Kwenye Mac ni Activity Monitor. Kwenye Linux andika top kwenye dirisha la amri. Katika Task Manager utaona nani anakula prosesa, nani RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), nani diski, nani mtandao, na ukibonyeza kichwa cha safu walaji wakubwa wanapanda juu. Halafu ondoa mkono kwenye kipanya na uache dakika kadhaa zipite. Ukitazama kwa sekunde tano utaona purukushani ya kupita, na utamkamata asiye na hatia.

Safu ya diski ndiyo inayosomwa vibaya kuliko zote. Inaonyesha asilimia 100, lakini ukitazama data inayosomwa ni megabaiti mbili tatu kwa sekunde, na mwenye kompyuta anadhani kipimo kimeharibika. Kile kipimo hakihesabu wingi wa data. Kinahesabu muda ambao diski ilikuwa imeshughulika. Diski ya kuzunguka, hasa zile za laptopu zenye mizunguko 5,400 kwa dakika, inahitaji milisekunde kumi au zaidi kukisogeza kichwa chake hadi mahali faili lilipo. Kwa hiyo ikiombwa vipande vidogo vilivyotawanyika, kwa sekunde moja inahudumia maombi mia moja hivi, basi. SSD, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka, inahudumia maelfu. Sasa fikiria sasisho la Windows linajisakinisha, antivairasi inakagua kila faili jipya, na huduma ya utafutaji inaorodhesha upya yaliyomo, vyote kwa wakati mmoja na juu ya diski ya kuzunguka. Hakuna kilichoharibika hapo. Acha kompyuta ikiwa imewashwa na imechomekwa kwenye umeme, nenda kafanye shughuli nyingine, na mara nyingi utarudi ukute imemaliza. Anayeudhika akaizima kwa nguvu katikati ya sasisho anailazimisha kurudia kazi ileile, au kurudisha nyuma iliyokwisha kufanyika, na hiyo nayo inachukua muda wake.

Kuna jambo linalowapoteza hata wazoefu. Mtu anasema, "Nimeshaizima na kuiwasha, bado." Tangu Windows 8 iliyotoka mwaka 2012, kwenye kompyuta nyingi kuzima si kuanza upya. Kiini cha mfumo kinahifadhiwa kwenye diski na kurudishwa kilivyokuwa ili kompyuta iwake haraka, kwa hiyo dereva (programu inayoendesha kifaa fulani cha kompyuta) iliyokwama jana inaamka nawe leo ikiwa imekwama vilevile. Chagua kuwasha upya, usichague kuzima. Ndani ya Task Manager, kwenye ukurasa wa prosesa, pana saa inayoonyesha mfumo umekaa macho kwa muda gani. Utashangaa kukuta siku nyingi kwenye kompyuta unayoizima kila usiku.

Brauza nayo ni mshukiwa wa kudumu, ila watu wanalaumu wingi wa vichupo na kukisahau kiendelezi, ile programu ndogo inayoongezwa ndani ya brauza. Kiendelezi ulichokiweka zamani kinajisasisha chenyewe, na vimewahi kuuzwa kwa wamiliki wapya ambao lengo lao ni kukusanya data au kupachika matangazo. Chrome ina meneja wake wa kazi, Shift na Esc, unaotaja kila kichupo na kila kiendelezi kwa matumizi yake. Zima vyote, kisha rudisha kimoja kimoja.

Hali inayonivutia zaidi ni ile ambapo kila kitu ni kizito lakini orodha haina mlaji. Prosesa imetulia, diski imetulia, RAM ipo ya kutosha. Hapo tazama kasi ya prosesa katika gigahezi. Kama imetengenezwa kwa 2.4 na inakimbia kwa 0.8 hata unapoipa kazi, kuna kitu kinaizuia kwa makusudi. Joto ndilo la kwanza kulishuku: vumbi limeziba njia ya hewa au feni imekufa, na prosesa ikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi inajipunguzia kasi ili isiungue. Dalili yake ni kompyuta inayokimbia vizuri dakika za mwanzo ikiwa baridi, kisha inalegea. Kwenye Mac utaona kernel_task imejaza prosesa na utatamani kuiua. Kazi yake mojawapo ni hiyohiyo ya kuzinyima programu nafasi ili joto lishuke. Kisha chaja. Zipo laptopu ambazo zikichomekwa chaja zisiyoitambua, au betri ikiwa imekufa, zinashuka hadi kasi ya chini kabisa. Mtu anabadili chaja Jumatatu, Jumatano anapeleka mashine kusafishwa virusi.

Virusi vipo, sivipuuzi. Programu zinazochimba sarafu za kidijitali kwa prosesa yako zinaweza kufanya feni ivume huku hujafungua lolote, na baadhi hunyamaza mara tu Task Manager inapofunguliwa. Ukiona feni inatulia kila unapokwenda kutazama, tumia ukaguzi wa nje ya mtandao wa Microsoft Defender, unaofanyika kabla Windows yenyewe haijapanda.

Diski inayokufa ndiyo ya kuogopwa. Kompyuta inaganda sekunde kadhaa, inaendelea, inaganda tena. Faili fulani halifunguki. Diski ya kuzunguka inatoa mlio wa kugonga. Programu inayosoma taarifa za SMART, kumbukumbu ambazo diski hujiwekea kuhusu afya yake, itakuonyesha sekta (vipande vya diski) zilizohamishwa na zinazosubiri kuhamishwa, na namba hizo zikiongezeka kila ukitazama, nakili faili zako saa hiyohiyo. Usianze na chkdsk, amri ya Windows ya kukagua na kukarabati diski. Kukarabati kunaweza kuilazimisha diski mgonjwa isomwe mwanzo hadi mwisho, na inaweza kukata roho katikati ikiwa na picha zako zote.

Ndiyo maana fundi anayekimbilia kupiga Windows upya ananitia wasiwasi. Mara nyingi mashine inarudi nyepesi, na mteja anaondoka ameridhika. Lakini ushahidi wote umefutwa, na kama shida ilikuwa joto, chaja au diski, baada ya muda mfupi yuko tena mlangoni.

Kipimo cha kuamua kipo, na hakihitaji kufuta chochote. Weka Linux kwenye flashi, iwashe kompyuta kutoka hapo bila kusakinisha, uitumie nusu saa ukivinjari. Flashi yenyewe ni ya polepole, kwa hiyo usihesabu muda wa kufungua programu mara ya kwanza. Angalia inavyokwenda ikishafunguka. Ikiwa nzito vilevile, tatizo liko kwenye vipuri, na anza na joto na umeme. Ikienda vizuri, basi tatizo ni Windows au diski iliyoibeba. SMART ikiwa safi na faili zako zimekwisha kunakiliwa kwingine, hapo sasa piga Windows.