Kwenye tangi la matumbawe, pesa ya kwanza iende kwenye maji

Anayetaka kuanza kufuga matumbawe nyumbani karibu kila mara huanza na swali la taa. Wati ngapi, buluu kiasi gani, ya kuning'iniza au ya kubana pembeni. Mimi humuuliza kwanza: maji utayatoa wapi? Taa dhaifu unaweza kuibadilisha mwakani, na matumbawe laini yatakuwa yamekuvumilia. Maji mabaya hayangoji wiki. Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba mwenye bajeti ndogo amalize mambo ya maji, vipimo na joto kabla hajalipia samaki hata mmoja, na taa ya kifahari ije mwisho kabisa.

Sisi wa pwani tuna jibu la haraka: bahari iko hapo nje, chumvi ya kununua ya nini? Hoja hiyo ina uzito. Maji safi ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa kila kilo, kalsiamu kama miligramu 400 na kidogo kwa lita, na magnesiamu karibu 1,300. Ndiyo hasa matumbawe yanayotaka. Lakini ni bahari ipi, na ya lini? Maji ya mkono wa bahari wa Tudor au ya bandari ya Kilindini, pale Mombasa, si maji ya nje ya mwamba. Masika yakishika, Mto Sabaki unashusha udongo mwekundu mpaka bahari ya Malindi inageuka rangi, na hata pasipo na mto mvua hushusha chumvi ya maji ya ufukweni na kuyabebesha uchafu wa mitaro. Anayetaka maji ya bahari basi ayafuate kwa chombo nje ya mwamba, wakati wa kaskazi bahari ikiwa shwari, maji yakiwa yamejaa, mbali na bandari na mabomba. Ayachuje, ayapime, ndipo ayamimine. Na akumbuke kwamba lita 100 ni zaidi ya kilo 100 za kupandisha ngazi, na kila wiki au mbili atahitaji mengine ya kubadilishia. Ukishapiga hesabu ya boti, tuktuk na mgongo, mfuko wa chumvi ya akwaria hauonekani tena kuwa anasa.

Chumvi ya jikoni haifai, na hata ile ya mashamba ya Gongoni haifai, ingawa imetoka bahari hiyohiyo. Maji yanapokauka juani, chokaa na jasi hutangulia kuganda, kisha ndiyo chumvi tunayoila, na magnesiamu hubaki kwenye maji machungu yanayomwagwa. Ukiikoroga chumvi hiyo upya hupati bahari, unapata maji ya chumvi tu.

Chumvi ya akwaria nayo inataka maji matamu yasiyo na kitu ndani yake. Maji ya bomba yana klorini, na mara nyingine shaba kutoka kwenye mabomba. Shaba kidogo ambayo binadamu haimdhuru inaua kamba na konokono. Visima vya pwani vingi vina chumvichumvi na chokaa. Kifaa ninachokitetea kuliko vyote ni kichujio cha RO, kinachosukuma maji kupita kwenye utando mwembamba, chenye hatua ya mwisho ya kuondoa ayoni, yaani chembe za madini zilizobaki, kikifuatana na kile kipimo kidogo cha TDS cha kuchovya, kinachoonyesha kiasi cha vitu vilivyoyeyuka majini: kikisoma sifuri, au karibu na sifuri, umefika. Ukinunua maji kwenye duka la kujaza madumu, chovya kipimo kwanza, kwa sababu baadhi yao hurudisha madini ili maji yawe na ladha.

Kipimo cha chumvi kiwe refraktomita. Kile kisanduku cha plastiki chenye mshale ni rahisi, lakini kiputo kimoja cha hewa kikiganda kwenye mshale kinauinua na kukudanganya kwamba chumvi imezidi. Kwenye refraktomita unadondosha tone mbili juu ya kioo, unafunga kifuniko, unangoja kidogo joto lilingane, unaelekeza kwenye mwanga. Pale buluu inapokutana na nyeupe ndipo pa kusoma. Isawazishe kwa kimiminika maalumu cha 35, maana kifaa kinachosema kweli kwenye sifuri kinaweza kupotoka huku juu.

Sasa joto, na hapa ndipo miongozo mingi inapotuacha. Imeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, na kifaa chao cha kwanza ni hita. Nairobi au Arusha ni sawa, usiku wa Julai hita ni lazima. Mombasa au Dar es Salaam mwezi wa Machi adui ni mwingine. Matumbawe ya tangini hukaa vizuri kwenye digrii 25 hadi 27, na chumba chetu mchana kinapita 30. Tunajua joto hufanya nini: mwaka 1998 bahari ilizidi kawaida yake kwa digrii moja au mbili tu kwa wiki kadhaa, matumbawe yakapauka kutoka Kenya hadi Tanzania na visiwani, na miamba mingi ya Kenya ikapoteza zaidi ya nusu ya matumbawe yaliyo hai. Ndani ya tangi la lita 100, digrii hizo mbili ni alasiri moja karibu na dirisha.

Mashine ya kupoza ni ghali. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji inaweza kushusha digrii mbili au zaidi, ila inafanya hivyo kwa kuyakausha maji, na chumvi haikauki nayo. Tuseme tangi la lita 100 linapoteza lita tatu kwa siku. Chumvi iliyokuwa 35 inakuwa 36 kesho yake, na ukisafiri siku tano bila mtu wa kujaza, unarudi umepita 41. Pengo hilo hujazwa kwa maji matamu ya RO, kila siku, kamwe si kwa maji ya chumvi. Mwenye pesa kidogo ya ziada anunue pampu inayojaza yenyewe kabla ya kufikiria kitu kingine.

Halafu kuna stima. Maji ya moto hushika oksijeni kidogo, na mkondo ukisimama usiku tangi lenye viumbe wengi lina saa chache tu. Pampu ya hewa ya betri, inayojiwasha umeme ukikatika, ni bei ndogo sana kwa kazi inayofanya.

Vifaa vingine sina haja ya kuvirefusha. Pampu mbili za mkondo zinazotazamana zinatosha kuanzia. Skima, ile mashine ya kutoa uchafu kwa povu, ni nzuri, lakini tangi dogo lenye samaki wawili linaishi kwa kubadilisha asilimia 10 ya maji kila wiki. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Lee Chin Eng wa Jakarta alikuwa tayari anafuga matumbawe kwa maji ya bahari, mawe hai (mawe ya mwamba yenye bakteria na viumbe wadogo) na mapovu ya hewa. Jiji lake lina joto kama letu.

Mawe yakishaingia, weka chanzo kidogo cha amonia, ile sumu inayotokana na uchafu wa samaki, na usubiri. Bakteria wa kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti, wengine nitriti kuwa nitrati, na kazi hiyo huchukua wiki nne hadi sita, pengine zaidi. Amonia na nitriti zikisoma sifuri, ndipo samaki. Kangaja usimfikirie kwenye tangi dogo, anahitaji nafasi ya kuogelea, na vitatange wengi wataidonoa bustani yako mpaka iishe.

Mawe na matumbawe msivunje baharini, tafadhali. Hifadhi za Malindi na Watamu zimelindwa tangu 1968, na matumbawe magumu yote yamo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hayavuki mpaka bila kibali. Tafuta vipande vilivyooteshwa kwenye matangi ya watu, na uanze na matumbawe laini. Ukipata ya jamii ya palithoa, vaa glavu na usichemshe kamwe jiwe lenye hayo: sumu yake, palitoksini, imepeleka watu hospitali kwa mvuke tu.

Matumbawe magumu yaje baadaye, ukishaweza kushikilia alkali, yaani uwezo wa maji kuhimili asidi, kwenye 8 au 9 dKH (ndicho kizio chake) wiki nzima bila kuyumba. Hayo hujenga mifupa kutokana na alkali na kalsiamu ya maji yako, na kipimo cha alkali ndicho kitakachokuambia yanakula kiasi gani kwa siku.