Mwana wa babaye, mwana wa Adamu

Juzi nilijaribu kuwataja babu zangu saba kwa majina. Kwa wa nne nikakwama. Mtoto wa Kikazaki hufundishwa majina hayo angali mdogo, kuanzia baba mpaka babu wa saba, na wenyewe huyaita zheti ata. Hayakaririwi kwa fahari tu, kwani waliokutana ndani ya vizazi hivyo saba hawaoani.

Ndiyo maana Abai Kunanbaiuly, mshairi na mwanafikra wa Kikazaki, ananigusa sana. Alizaliwa mwaka 1845 kwenye nyika za Semey, mashariki ya Kazakistani ya leo, baba yake Kunanbai akiwa kiongozi mwenye nguvu na wa kuogopwa. Ukoo alikuwa nao tele. Lakini katika Neno la 37, kati ya Maneno yake 45, yaani insha zake fupi za mawaidha, anasema mwana wa babaye ni adui wa watu, na mwana wa Adamu ndiye nduguyo. Kwa Kikazaki ni adamnyng balasy. Mswahili hapo hahitaji mkalimani: bin Adamu, binadamu.

Wapo wanaomsoma Abai kama mtu aliyewachoka watu wake. Siafiki kabisa. Ni kweli, katika Neno la 2 anakumbuka alivyokuwa mtoto, Wakazaki wakiwacheka majirani zao, Warusi na Watatari na wengineo, halafu anaona wale waliochekwa wamewapita kwa kazi na maarifa. Maneno makali. Lakini mtu asiyewajali wenzake hasumbuki kuwaonya kwa lugha yao, karatasi baada ya karatasi, kwa miaka. Hata alipohimiza watoto wajifunze Kirusi, aliwalaumu papo hapo wazazi wanaowasomesha ili wakawadhulumu Wakazaki wenzao.

Neno ninalolirudia zaidi ni la 17. Nguvu ya nia, Akili na Moyo wanagombea ukubwa. Nia inasema bila yeye hakuna ibada wala elimu wala mali. Akili inasema ndiyo inayotambua faida na hasara, ya dunia na ya akhera. Moyo unajiita mfalme wa mwili, kwake damu hutoka, na huruma na haya hukaa kwake. Wanakwenda kwa Elimu awaamue. Elimu anaiambia Nia kwamba ukali wake hufaa na hudhuru, na Akili kwamba mwema na mwovu wote humtegemea. Ungeneni, anasema, na Moyo uwaongoze. Mkishindwa kupatana, mimi niko upande wa Moyo.

Naona hukumu hiyo inatuhusu wote tunaobishana nani ni mwenyeji wa kweli na nani mgeni. Ukoo ukikosa haya unabaki orodha ya majina.

Mtoto wa kaka yake Abai, Shakarim, aliichukua fikra hiyo akaidai zaidi: alitaka dhamiri ifundishwe kama elimu. Alipigwa risasi mwaka 1931, wakati njaa iliyotokana na sera za Wasovieti ilipokuwa ikiwaua Wakazaki, na waliokufa walizidi milioni moja. Katika mwaka kama huo mtu huulizwa alimficha nani, alimgawia nani mkate.

Nimemwomba shangazi anitafutie jina la babu wa tano. Nimemwomba pia aulize, kama yupo anayekumbuka, alikaaje na majirani zake.