Keki au Ndala?

Mke wangu alikuwa Morogoro siku shangazi alipoingia kutoka Tanga bila taarifa, na kapu la machungwa ya Muheza kichwani.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Mkwe yuko wapi?"

"Anarudi kesho."

Akalitazama jiko, akanitazama mimi. "Kumbe leo tunalala njaa."

Maneno yale yaliniingia. Nikamwambia akae tu, namtengenezea keki ya chokoleti, dakika moja na nusu itakuwa mezani. Sasa huyu ni mwanamke ambaye keki yake ya Idi huiva kwa saa nzima, sufuria juu ya jiko la mkaa, makaa machache chini, mengine ameyapalia juu ya mfuniko, na mtoto akipita mbio karibu anakula kofi. Dakika moja na nusu alizisikia kama tusi.

Kwa heshima yake nikafungua kabati nikatoa kikombe cha wageni, chenye ukanda wa dhahabu, kimoja kati ya vile sita alivyotuletea yeye mwenyewe siku ya harusi. Unga vijiko 4, sukari 3, kakao ya Kyela 2, beking pauda chembe, maziwa, mafuta, yai. Nikakoroga mpaka bega likauma. Nikabonyeza.

Haikupita sekunde tano, maikrowevu ikaanza kuchomelea mageti. Ta-ta-ta-ta! Cheche za buluu zikafukuzana kwenye ukingo wa kikombe. Nilipogeuka, shangazi alishafika mlangoni, mkoba kwapani, kiatu kimoja mguuni, Ayatul Kursi mdomoni. Nikachomoa waya ukutani. Siku hiyo ndipo nilipojua kwamba ule ukanda ni madini kweli, si rangi, na madini na maikrowevu hazipikiki chungu kimoja. Dhahabu ilikuwa imegeuka mstari mweusi wenye mapengo. Nikahamishia rojo kwenye kikombe cha kawaida, kile cha harusi nikakificha nyuma ya birika.

"Hicho kilikuwa cha majaribio," nikamwambia.

Hapo nikafanya hesabu za kiume: muda umepotea, mgeni ana njaa, tuongeze moto. Nikaweka dakika 3. Keki ikapanda, ikachungulia nje, ikasimama juu ya kikombe kama tarbushi. Nilipofungua mlango ikanywea. Shangazi akaidunga kijiko. Kijiko kikarudi. Akadunga kwa nguvu zaidi, safari hii kikazama, na alipokivuta kikombe kizima kikanyanyuka nacho. Mwisho akaing'oa kwa vidole, ikatoka nzima na umbo lake la kikombe, akaiachia juu ya meza.

Ikadunda. Wallahi, mara mbili.

"Baba, hii ni keki au ndala?"

Lakini mpishi ni mpishi. Akaomba kisu, akaipasua, akavuta kipande kama anayepima mpira wa manati. "Yai uliweka zima?"

"Zima."

"Mimi mayai 4 naweka kwenye nusu kilo ya unga. Wewe yai zima kwa vijiko vinne? Umekaanga yai ukalipaka kakao. Halafu ulivyokuwa unakoroga nikadhani unakanda chapati. Unga ukiusumbua, unavuta. Na hili sanduku lako halina moto mdogo?"

Nikacheka. "Shangazi, hili si jiko la mkaa."

Akavaa miwani, akasogea, akaweka kidole kwenye kitufe ambacho kwa miaka miwili mimi nilikichukulia kama pambo. Asilimia 50.

Cha tatu akanisimamia. Yai hakuna, badala yake kijiko cha mtindi, na kukoroga ni mpaka unga mkavu usionekane, basi. Maikrowevu ikanguruma, ikanyamaza, ikanguruma tena, maana hivyo ndivyo nyingi zinavyopunguza moto, kwa kuwaka na kuzima. Shangazi akatega sikio. "Inapumua," akasema, kwa mara ya kwanza akiionea huruma. Baada ya dakika 2 katikati palikuwa bado panang'aa umajimaji. Nikanyoosha mkono niongeze, nikapigwa kofi la vidole. "Iache. Joto la ndani litaimalizia." Tukasubiri dakika nyingine. Kijiko kikazama chenyewe. Akala kikombe chote bila kusema neno, na shangazi kukaa kimya nimeshuhudia mara mbili tu, ya kwanza ilikuwa anang'olewa jino.

Kesho yake mke wangu akarudi. Wakati wa chai akafungua kabati, akahesabu, akasogeza birika. Akakitoa kile kikombe, akakizungusha taratibu kwenye mwanga wa dirisha.

"Hiki kimefanywa nini?"

Nikamtazama shangazi. Shangazi akatazama feni.

"Hicho kilikuja hivyo hivyo, mkwe wangu," akasema. "Ile seti niliinunua kwa punguzo."

Kisha akanisogezea kikombe chake kitupu, akanong'ona:

"Asilimia hamsini."