Msifunge kamba mguu ulioumwa
Makala moja inasema aliyeumwa na terciopelo, yule nyoka wa misitu na mashamba ya Kosta Rika huko Amerika ya Kati, afungwe kamba kwa nguvu juu ya jeraha ili sumu isipande moyoni. Hapana, tafadhali! Sumu ya terciopelo huanza kazi palepale alipouma: inaozesha misuli, inapasua mishipa midogo na kuzuia damu kuganda. Ukikaza kamba, umeilimbikiza sumu mahali pamoja na kuinyima nyama damu, na hapo ndipo watu wanapokatwa miguu. Mimi ni muuguzi, na kifutu wetu huumiza kwa namna inayofanana. Nimekata mpira wa baiskeli uliozama kwenye mguu wa kijana, umevimba, malengelenge meusi hadi gotini. Mtulizeni mgonjwa, mvueni viatu na pete, mwahisheni penye dawa ya kuzuia sumu. Kosta Rika wana taasisi iitwayo Instituto Clodomiro Picado, iliyoanzishwa 1970, inayotengeneza dawa hiyo kutokana na damu ya farasi waliochanjwa sumu kidogo kidogo, na imetengeneza hata ya nyoka wa Afrika. Je, hospitali ya wilaya yenu inayo dawa hiyo?