Nilitua mfuko wa chupa juu ya jina la mtu

Jumamosi nilifokewa njiani kama mtoto wa nasari. Nilikuwa nimebeba mfuko wa chupa tupu, zile unarudisha dukani na mashine inakupa senti 25 kwa kila moja. Mshikio ukakatika, nikautua chini nje ya mlango wa jengo letu hapa Köln niufunge vizuri. Dirisha la ghorofa ya pili likafunguka. "Hapo hapana! Si hapo!"

Ukikaa Ujerumani unazoea. Unafokewa kwa kuvuka taa nyekundu saa sita usiku na barabara haina hata paka, kwa kutia karatasi kwenye pipa la plastiki, kwa kutoboa ukuta Jumapili. Nikasonya. Nikamjibu kwa Kiswahili, sauti ya chini, maneno ambayo mama yangu akiyasikia atanikana. Aliyefoka, nyanya wa Kijerumani jirani yangu, akashuka ngazi moja moja na goti lake bovu, mkononi ana mswaki wa zamani na kopo la dawa ya kung'arisha vyuma, akanisogeza kando kama kiti, akapiga magoti pale pale nilipokuwa nimetua chupa.

Nimeishi jengo hilo miaka miwili. Vile vibamba vinne vya shaba ya manjano vilivyozikwa kati ya mawe ya njia, kila kimoja ukubwa wa kiganja, nilidhani ni vifuniko vya mita ya maji. Nyanya akasugua. Povu likatoka jeusi kama maji ya kuoshea sufuria la kuni, na herufi zikajitokeza moja moja. Hapa aliishi. Jina. Mwaka wa kuzaliwa, 1934. Mwaka wa kuondolewa kwa nguvu, 1941. Kisha neno moja la mwisho: aliuawa. Hawakuandika "alifariki" wala "alipoteza maisha". Aliuawa.

Baba, mama, watoto wawili. Wayahudi wa mlango wetu.

Mawe haya yalianzishwa na msanii Gunter Demnig hapahapa Köln mwaka 1992, na sasa yamevuka 100,000 katika miji mingi ya Ulaya. Wengi huyasugua inapokaribia tarehe 9 Novemba, kwa sababu usiku huo mwaka 1938 masinagogi yalichomwa nchi nzima. Nilimbebea nyanya kopo lake hadi juu. Chumbani kuna kabati kubwa la mbao nyeusi. Akaligonga kwa kidole: mama yake alilinunua mnadani wakati wa vita, mali ya watu walioondolewa. Hakuongeza neno. Akaniuliza kama nakunywa kahawa.

Sasa, mimi ni mtu wa Nakuru, na mtu wa Nakuru hawezi kuona jambo kama hilo akalala.

Agosti 1963, miezi minne kabla ya bendera kupandishwa, Kenyatta alikuja mjini kwetu, akaingia ukumbi wa mji uliojaa walowezi wa Kizungu. Hawa ni watu ambao serikali yao ilimfunga na kumweka kizuizini karibu miaka tisa. Walikwenda kusikiliza watafukuzwa lini. Akawaambia tusameheane, tusahau ya nyuma, tujenge nchi. Wanasimulia kwamba walitoka wakiitikia Harambee. Mimi nimesoma Nakuru tangu darasa la kwanza, nimepita mtaa ule mara elfu nikiwa na sare, na hakuna mwalimu aliyewahi kunielekeza kwa kidole akasema: hapa ndipo.

Na ni jambo kubwa, msinielewe vibaya. Nikisikia Mzungu akiongea kana kwamba Afrika inajua panga tu, huwa namletea Nakuru ya 1963. Mtu ametoka kifungoni na hakulipiza! Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Kwangu mimi huo ndio msingi halisi wa Kenya, kuliko katiba ya mwaka huo, ambayo walianza kuikatakata kabla wino haujakauka.

Lakini angalia nani alisamehewa. Mlowezi alilipwa bei ya shamba lake. Mashamba yalinunuliwa kwa mikopo, na mwananchi aliyepata ekari zake chache ndiye aliyebebeshwa deni. Aliyepigana msituni je? Marufuku ya mkoloni ya mwaka 1950 dhidi ya Mau Mau ilibaki kwenye vitabu vyetu vya sheria hadi 2003. Miaka arobaini ya uhuru, na mzee wa msituni bado ni mwanachama wa kundi haramu! Ukisema tusahau bila kutaja tunasahau nini, anayefaidi ni yule mwenye cha kuficha.

Kuna tarehe mbili zinazonisumbua. Sisi tulipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Siku nane baadaye, tarehe 20, mjini Frankfurt, Wajerumani walifungua kesi kubwa dhidi ya watu waliofanya kazi katika kambi ya mauaji ya Auschwitz. Mwezi mmoja, nchi mbili. Moja inaimba tusonge mbele, nyingine inaburuta makarani na walinzi wake mahakamani kuwauliza mikono yao ilifanya nini.

Haya, semeni. "Huyu amekuwa Mjerumani." "Anaosha wazee wa Kizungu halafu anatuletea hotuba." Ndiyo, naosha wazee, na mshahara huo umelipa karo ya wawili kati yenu mnaonitumia hizo meseji. "Kama huko ni kuzuri hivyo, baki huko." Nimebaki, sijaona mkinitumia nauli. Na yule anayesema Wajerumani wanakumbuka kwa sababu walipigwa vita wakalazimishwa, huyo ana hoja. Walilazimishwa. Hata baada ya kulazimishwa, miaka mingi majaji wa Hitler waliendelea kuvaa majoho, walimu wale wale wakafundisha, na kila mtu akawa hajui kitu. Kesi ya Frankfurt haikushuka kutoka mbinguni. Kulikuwa na mwendesha mashtaka mkaidi anayeitwa Fritz Bauer, Myahudi aliyekuwa amekimbia nchi akarudi, na wenzake wengi ofisini walimchukia. Kwa hiyo msiniambie kukumbuka ni damu ya Kizungu. Kulipiganiwa.

Kilichowasaidia ni kwamba walikuwa na mahali pa kushika. Sheria yao kuu ya Mei 1949 inaanza na sentensi fupi: heshima ya binadamu haiguswi. Na msingi huo wameufunga kufuli, bunge zima likikubaliana bado haliwezi kuufuta. Kutoka hapo mambo mengine yanateremka kama maji. Mwanajeshi wao hatumwi vitani nje bila bunge kupiga kura, mahakama yao ilishaamua hivyo mwaka 1994. Mwaka 2008 kiongozi wao Angela Merkel alisimama katika bunge la Israeli akasema usalama wa nchi hiyo ni sehemu ya sababu ya Ujerumani kuwepo. Sasa hapo ndipo nami huwa nagombana nao. Kumbukumbu hiyo hiyo iliyowafundisha kusema "aliuawa" iliwafunga ulimi Gaza ilipokuwa inawaka. Kazini tumebishana jikoni hadi chai ikapoa.

Tena kumbukumbu yao ina mipaka ya kijiografia. Nilimuuliza nyanya kama anajua Maji Maji. "Maji nini?" Nikamweleza: Tanganyika, 1905 hadi 1907, inakadiriwa waliokufa walifika hadi 300,000, wengi kwa njaa baada ya jeshi la Kijerumani kuchoma mashamba. Rais wao Steinmeier alikwenda Songea akaomba msamaha Novemba 2023, zaidi ya karne moja baadaye. Nyanya hakuwa amesikia. Mwanamke anayesugua vibamba kwa mswaki! Alinyamaza, halafu akachukua karatasi akaniomba nimwandikie tahajia. Hiyo ndiyo tofauti inayonikera na kunivutia kwa pamoja.

Kwetu ningeuliza swali kama hilo ningeambiwa naleta chuki.

Sitawaeleza ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, mlikuwepo. Nitasema tu kwamba hata maneno tumeyaosha. Hakuna aliyeuawa Kenya, kuna "waliopoteza maisha wakati wa machafuko". Hakuna aliyefukuzwa, kuna "wakimbizi wa ndani". Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhi ripoti yake Mei 2013, bunge likaiweka pembeni hadi leo. Mwaka 2015 rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi akatangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa waathiriwa. Anayejua zilikopitia aniandikie. Aprili 2016 kesi za Hague dhidi ya wakubwa wetu kuhusu ghasia hizo zilipokwisha, sherehe ya shukrani ilifanyiwa wapi? Uwanja wa Afraha, Nakuru hapo! Niliitazama kwenye runinga nikingoja kusikia jina la hata jirani mmoja. Halafu handisheki ya 2018 ya Uhuru na Raila, halafu ile nyingine ya 2025 ya Ruto na Raila. Kila mara wakubwa wanasameheana wao kwa wao, kwa niaba ya waliofiwa. Ukumbi wa Nakuru unajirudia, ila walowezi wamebadilika rangi.

Na hata tukienda nje tunabeba msingi huo huo. Vita vya kaskazini na kusini mwa Sudan vilizungumzwa Naivasha, kaunti yetu, Jenerali Sumbeiywo akiwasukuma miaka na miezi hadi mkataba ukasainiwa Nairobi Januari 2005. Najivunia hilo, na wasionijua hunidhania nimelisimamia mimi. Februari 2022, siku tatu kabla ya Urusi kuvamia Ukraine, balozi wetu Martin Kimani aliuambia Umoja wa Mataifa kwamba Waafrika tuliikubali mipaka ya mkoloni pamoja na maumivu yake, tukachagua kutazama mbele badala ya kuingia vitani kwa ajili ya historia. Wajerumani kazini walinitumia video ile mmoja baada ya mwingine. Nilitembea siku hiyo nimenyoosha mabega. Ilikuwa sauti ya Nakuru ya 1963, safi kabisa.

Miaka mitatu baadaye, Februari 2025, wapiganaji wa RSF, kundi linalopigana na jeshi la Sudan, wakapewa ukumbi Nairobi watie saini mkataba wao wa kuunda serikali, dunia nzima ikijua walichofanya Darfur. Sudan ikamwita nyumbani balozi wake. Na sisi tukasema ni kutafuta amani. Hiyo pia ni sauti ya 1963. Mgeni akija hatuulizi ana nini mikononi.

Mimi ni wa Kaptembwo, mtaa wa Nakuru. Januari 2008 nilikuwa darasa la sita. Nyumba ya nne kwenye ploti yetu waliondoka usiku kwa lori, mama na watoto wawili, kurudi magharibi mahali ambapo watoto hawakuwahi kukaa. Asubuhi mlango ulikuwa wazi na githeri ilikuwa bado juu ya jiko, makaa yamekuwa majivu meupe. Mama aliiepua. Wiki iliyofuata landilodi akapaka mlango rangi ya kijani, wapangaji wapya wakaingia. Sufuria lile liko kwetu mpaka leo, halina mfuniko, mama hupikia chai ya wageni wengi. Hakuna aliyewahi kusema ni la nani. Sisi tulimwita Mama Pili tu, kwa sababu mtoto wake wa pili ndiye aliyekuwa mtundu.

Jumamosi usiku nilimpigia mama. Nikamuuliza jina halisi la yule jirani, la kitambulisho.

"Kwani umeanza kazi ya polisi huko?"

"Mama, nauliza tu."

"Mambo ya zamani hayo. Wewe kula vizuri, huko kuna baridi."

Tukaongea ya kuku na ya bei ya unga, akakata. Saa saba usiku simu ikalia. Ujumbe wa mama, herufi kubwa tupu kama anavyoandika siku zote: majina matatu, la kwanza, la baba, la ukoo. Chini yake akaongeza kwamba watoto walikuwa wanasoma na mimi, mmoja alikuwa nyuma yangu mwaka mmoja, na kwamba sufuria hajalitoboa.

Majina sitayaweka hapa, si yangu kuyaweka. Ila kama ulikaa Kaptembwo nyumba ya nne, ukaondoka na lori Januari ile, na una habari ya sufuria kubwa lisilo na mfuniko, mama yuko bado ploti ile ile.